Mzee anakwenda kupasuliwa: ya kuandaa kabla hajaondoka Kigoma

Daktari akishataja tarehe ya upasuaji, nyumba nyingi hukaa kusubiri. Watu wanachangishana, wanaomba dua, wanapigiana simu usiku, na mzee mwenyewe anaambiwa alale apumzike "apate nguvu". Nguvu haipatikani hivyo. Mtu aliyepita miaka sabini akilazwa kitandani, misuli ya miguu inaanza kupungua ndani ya siku chache, na siku ya kupasuliwa atafika akiwa mnyonge kuliko siku alipoandikiwa rufaa. Wiki hizo za kusubiri ndizo zenye kazi, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe mnaiweza nyumbani.

Mimi nauza vitenge Mwanga, hapa Kigoma, sijasomea uuguzi. Haya nimeyajua kwa kumuuguza baba yangu, mzee wa Ujiji aliyefanya kazi bandarini tangu ujana wake, akatolewa saratani ya utumbo mpana kule hospitali ya Bugando, Mwanza, akarudi na tundu la haja tumboni, na mfuko wa kubandika juu yake wa kupokea haja. Mengine nilifundishwa na manesi, mengine na mtaalamu wa dawa za usingizi aliyekuwa na subira na maswali yangu. Kama mzee wako anapasuliwa tumbo, koo, kizazi au figo, mengi yatakufaa vilevile. Ya mfuko uyaruke.

Mwambieni anaumwa nini

Tuna tabia ya kumficha mzee. Anaambiwa ana "uvimbe kidogo", huku watoto wanaonyeshana karatasi za majibu uani. Acheni. Fomu ya kukubali upasuaji anatia sahihi au dole gumba yeye mwenyewe, na daktari atamweleza mchana kweupe. Ni heri alisikie kwanza kutoka kwenu, amekaa kwenye kiti chake.

Baba alipoambiwa aliuliza maswali mawili, na kifo hakikuwamo. Aliuliza atakwendaje msikitini, na nani atamsafisha. Basi nikajua kwamba kisu hakimtishi, kinachomtisha ni aibu. Tangu siku ile kila tulichopanga, kuanzia kitanda hadi usafiri, tulikipima kwa swali moja: hiki kitampunguzia mzee aibu au kitamwongezea?

La msikitini lilimalizwa na shehe wetu, tena kwa dakika chache. Mtu mwenye udhuru, anayetokwa na kitu asichoweza kukizuia, anatawadha wakati wa kila swala ukishaingia, kisha anaswali. Kuhusu funga, mgonjwa ana ruhusa yake. Mpelekeni mzee akayasikie hayo kabla ya kupasuliwa, maana mtu akiamini ibada yake imeharibika hali chakula wala hatembei. Kwa Wakristo, padri au mchungaji aitwe mapema pia. Wengine wanatamani Mpako wa Wagonjwa na wanaona haya kuuomba, wakidhani ninyi mtaogopa.

Mwili

Atembee. Baba alikuwa akitoka nyumbani hadi geti la makumbusho ya Livingstone na kurudi, asubuhi kabla jua halijakolea, na tena baada ya alasiri. Mwanzoni alikuwa akisimama njiani kusalimia watu wasiohitaji kusalimiwa, ili apumue. Mwendo unaofaa ni ule wa pumzi kupanda kidogo lakini mtu bado anaweza kuzungumza. Kama kifua kinabana au kizunguzungu kinamshika, asimame, na daktari aambiwe.

Kuna zoezi la kiti ambalo halina gharama. Mzee akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, asimame bila kujisukuma kwa mikono, akae taratibu. Mara 10, au 5 akichoka. Misuli hiyo ya mapaja ndiyo atakayoitumia kutoka kitandani na chooni tumbo likiwa na mshono.

Halafu pumzi. Avute hewa kwa pua hadi tumbo lijae, aishike akihesabu 3, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa. Mara 10, kisha akohoe kwa nguvu huku amekumbatia mto tumboni. Baada ya upasuaji mkubwa watu huvuta pumzi fupi fupi kwa kuogopa maumivu, makohozi yanatuama kifuani, nimonia inaingia. Asiyefundishwa kukohoa na mto kabla hatajifunza siku hiyo akiwa na maumivu. Sisi tuliliambatanisha na swala tano: akitoa salamu tu, anapumua. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Mvutaji wa sigara aache leo. Wiki 4 na zaidi kabla ya upasuaji ndizo zinazosaidia sana mapafu na kidonda, lakini hata zikibaki siku chache, aache. Ugoro nao utajwe kwa daktari. Na kama mzee anakunywa pombe kila siku, mseme ukweli kwa mtaalamu wa usingizi. Akikatizwa ghafla wodini anaweza kutetemeka, akaona vitu visivyokuwepo, hata akapata degedege, na wao wanajua kulizuia kama wanalijua mapema.

Chakula cha wiki hizi kiwe na kitu cha kujenga mwili kila mlo: yai, samaki, maharage, maziwa, kuku. Sahani ya ugali wa muhogo na mboga tupu inashibisha tu. Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi, kama ilivyofanyika 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mgebuka mbichi unakuwa wa kutafutwa. Nunueni dagaa wakavu, wachambueni mchanga, wakaangeni bila mafuta, wasageni, kijiko kimoja au viwili viende kwenye uji wake. Asiyeweza kumaliza sahani apewe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku.

Ulizeni wingi wa damu yake. Saratani ya utumbo huvuja damu ndani kwa ndani, na wazee wengi hufika wakiwa na upungufu. Vidonge vya madini ya chuma vinahitaji wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo swali hili liulizwe siku ile ile ya rufaa. Avimeze mbali na chai, kwa kuwa chai inapunguza kufyonzwa kwake, na msishtuke choo kikiwa cheusi. Rozela na juisi ya biti anywe akipenda, ila vidonge visiachwe kwa ajili ya hivyo.

Kuhusu dawa: msiandike orodha kwa kukumbuka, wekeni pakiti zote kwenye mfuko mmoja na mzibebe. Presha, sukari, vidonge vya kuzuia damu kuganda, dawa za maumivu za dukani, na zile chupa za mitishamba zilizo chini ya kitanda ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezitaja. Baadhi ya mitishamba huongeza kutoka damu au hugombana na dawa za usingizi. Daktari ndiye atakayesema ipi isimamishwe na lini. Msiisimamishe dawa ya presha kwa akili zenu, wala ile ya sukari.

Nyumbani asinyolewe tumbo kwa wembe. Mikwaruzo midogo ni mlango wa vijidudu, na kama nywele zinatakiwa kutolewa watazitoa wao. Aoge kwa sabuni usiku na asubuhi, inatosha. Meno yanayolegea yatajwe. Kina mama wasipake hina wala rangi kwenye kucha siku za karibu na safari, kwani vinaweza kukisumbua kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni.

Alama ya kalamu tumboni

Kama kuna uwezekano wa kutolewa utumbo nje, ulizeni nani atamwekea alama ya mahali tundu litakapokaa, na ombeni ifanyike mzee akiwa macho, kabla ya siku ya upasuaji. Hili ndilo lililotuletea faida kuliko yote, na lilichukua muda usiofika nusu saa.

Nesi alimkuta baba amelala chali. Akamwambia aketi. Tumbo lilipokunjana, ile sehemu iliyoonekana nzuri akiwa amelala ikazama ndani ya mkunjo. Nikamwomba nesi amruhusu afunge kikoi chake, maana nyumbani suruali haivai. Kikoi kikafungwa chini ya kitovu kama kawaida yake, nesi akachora mstari wa pindo. Baba mwenyewe ndiye akasema, "Na rukuu je?" Akainama, mikono magotini. Akashuka kusujudu pale pale kando ya kitanda, wagonjwa wengine wanaangalia. Kila alipobadilika nesi alikuwa anasogeza kidole, hadi akapata mahali palipo bapa, nje ya mkunjo, mbali na pindo la kikoi, na ambapo mzee mwenyewe anapaona bila kuinua tumbo. Hapo ndipo palipotiwa nukta.

Tundu likikaa kwenye mkunjo, mfuko haushiki vizuri na haja inavuja. Likikaa pasipoonekana, mzee atahitaji mtu wa kumbadilishia maisha yake yote. Beba nguo anayovaa kila siku, na mwambie aonyeshe anavyokaa, anavyoinama, anavyoswali. Daktari anaweza kulazimika kupabadilisha mahali kwa sababu za ndani ya tumbo, lakini angalau atakuwa na pa kuanzia.

Karatasi, fedha, damu

Fomu ya rufaa, majibu ya kipimo cha nyama, picha za CT skani, kadi ya bima na kitambulisho viwe kwenye faili moja la plastiki, na kila kimoja kipigwe picha kwa simu za watu wawili. Kama bima hakuna na uwezo ni mdogo, pitieni ustawi wa jamii kabla ya kuuza shamba. Sera inampa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo haki ya matibabu bila malipo, ila lazima uthibitisho utoke serikali ya mtaa au kijiji, na karatasi hiyo ni rahisi kuipata ukiwa bado Ujiji kuliko ukiwa Mwanza. Mchango wa ukoo ushikwe na mtu mmoja, naye aweke hesabu wazi kwenye kundi la simu kila jioni. Wa kwetu alikuwa shemeji yangu fundi cherehani, hana maneno mengi, na hakukuwa na ugomvi hata mmoja.

Hospitali inaweza kuomba ndugu wachangie damu. Tafuteni vijana wenye afya, miaka 18 hadi 65, wenye kilo 50 na kuendelea, na muwe na majina yao tayari. Wanaoishi kule kule Mwanza ndio wenye faida.

Usiku atakapochanganyikiwa

Hili nalieleza kirefu kwa sababu linatisha kuliko kidonda, na watu wachache sana huandaliwa nalo.

Usiku wa pili baada ya upasuaji baba aliniita kwa jina la dada yake marehemu. Akasema meli ya Liemba imeshapiga honi na kamba bado hazijafunguliwa, akaanza kushuka kitandani huku anauvuta mpira wa mkojo. Mtu ambaye mchana alikuwa ameniuliza bei ya vitenge! Nilipopiga simu nyumbani, shangazi akakata shauri pale pale kwamba karogwa, na kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani, liandaliwe lije na basi la alfajiri.

Hakurogwa. Mzee akipasuliwa operesheni kubwa, ubongo unaweza kuyumba kwa siku kadhaa. Anasahau yuko wapi, anaona watu, anakasirika, usiku zaidi kuliko mchana. Wengine hufanya kinyume: wanakuwa kimya, wanasinzia mchana kutwa, hawajibu, na ndugu wanafurahi kwamba mgonjwa anapumzika. Huyo naye amechanganyikiwa, na ndiye anayesahaulika. Mara nyingi kuna kinachochochea: oksijeni imeshuka, maambukizi yameanza, maumivu hayajatulizwa, mkojo umeziba, maji mwilini ni machache, au dawa fulani haijamkubali. Kwa hiyo la kwanza ni kumwita nesi na kumwambia kwa maneno haya: "Huyu si kawaida yake." Wao hawamjui, wanaweza kudhani ni uzee tu. Wewe ndiye unayejua kwamba jana alikuwa na akili timamu.

Ya kuandaa kabla: miwani yake, kifaa cha masikio kama anacho, meno ya bandia, saa ya ukutani au ya mkononi, redio ndogo ya kusikilizia taarifa ya habari. Wanaoshika zamu wawe wachache na nyuso anazozijua vizuri, wasibadilike kila siku ili kila mtoto wa ukoo aonekane kaja. Mchana apate mwanga na mazungumzo, usiku taa zipungue na simu zinyamaze. Akisema meli inaondoka, usibishane naye. Mwambie meli imesubiri, uko Bugando, umepasuliwa salama, mimi ni fulani, leo ni Jumatano. Sema tena na tena. Asifungwe mikono kwa kanga. Dua isomwe kichwani pake, haina madhara. Kombe ni maji, na aliyekatazwa kunywa na daktari hanyweshwi.

Mzee mwenyewe aambiwe kabla kwamba huenda likamtokea na kwamba linapita. Na daktari aambiwe kama nyumbani alikuwa ameanza kusahau mambo, kwa sababu wa namna hiyo hushikwa zaidi. Kwa wengi hutulia ndani ya siku, kwa wengine huchukua wiki.

Wazee wetu wa kiume wakiulizwa "Unaumwa?" watasema hapana hata wakiwa wanatoka jasho. Ulizeni, "Kohoa nikuone." Asiyeweza kukohoa wala kugeuka kwa maumivu anahitaji dawa, na akiipata atatembea. Kutembea mapema, hata siku inayofuata upasuaji kama madaktari wameruhusu, ndiko kunakozuia damu kuganda miguuni na ndiko kunakoamsha utumbo.

Nyumba

Hapa fundi seremala ana kazi. Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha mzee akikaa ukingoni nyayo zishike sakafu na magoti yawe usawa na nyonga. Kikiwa kifupi, miguu ya kitanda ipandishwe kwa matofali yaliyokaa imara. Godoro la chini halifai. Kuamka ni kwa kugeukia ubavu, kuteremsha miguu, kisha kujisukuma kwa kiwiko. Afundishwe kabla, akiwa mzima.

Choo cha kuchuchumaa ni tatizo kwa mwenye mshono wa tumbo, hata kama haja kubwa anapitishia kwenye mfuko, kwa sababu bado kuna mkojo, kuoga na kuumwaga huo mfuko. Tulitengenezesha kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono pembeni, kinawekwa juu ya shimo. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu nimekiona kwa watu, lakini miguu yake hupanuka kwenye sakafu yenye maji. Pigilieni pia gogo la kushikia ukutani. Choo chetu kiko uani, kwa hiyo usiku aliwekewa ndoo yenye mfuniko chumbani, na tochi inaninginia kwenye nguzo ya chandarua. Majamvi yanayokunjika njiani yaondolewe. Kandambili zibadilishwe na viatu vyenye mkanda wa nyuma. Jiko la mkaa lihamishwe mbali na dirisha lake.

Asinyanyue kitu kizito kwa wiki 6 au zaidi, kadiri daktari atakavyosema. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na wazee wenye heshima zao hawapendi kukaa huku mtoto wa kike anateka. Mpeni kidumu cha lita 2 na kazi ya kumwagilia mchicha. Asiye na kazi ataitafuta ile iliyokatazwa.

Mfuko na mjukuu

Nani atamsafisha? Mkwe haiwezekani. Mimi binti yake ningeweza, naye angekubali kwa kunyamaza, halafu angekula kidogo ili haja iwe chache. Tukamchagua mjukuu wake wa kiume aliyemaliza kidato cha nne. Babu na mjukuu ni watani, hakuna la kuoneana haya. Kijana alikwenda nasi Mwanza, akasimama na nesi akajifunza, na siku ya kwanza nyumbani alimwambia babu yake, "Mwenzangu, leo maharage umekula ya nani?" Mzee alicheka hadi akashika mto. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anabadilisha mwenyewe na kijana anashika kioo tu.

Anayejifunza afanye kwa mikono yake mbele ya nesi, asiangalie tu. Tundu lenye afya lina rangi nyekundu na unyevu kama ndani ya mdomo wa chini. Haliumi likiguswa, na tone la damu wakati wa kufuta si la kuogopesha. Mfuko unamwagwa ukijaa theluthi moja, ukiachwa ujae uzito unaubandua. Kubadilisha, wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kula, utumbo ukiwa umetulia. Ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, bila spiriti, bila mafuta ya nazi wala ya mawese, kwa kuwa gundi haishiki kwenye mafuta. Ikaushwe kabisa. Tundu la mfuko likatwe kubwa kuliko utumbo kwa milimita 2 au 3 tu, kisha ubandikwe na kushikiliwa kwa kiganja dakika moja au mbili ili joto liamshe gundi. Utumbo unaendelea kusinyaa kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, hivyo pimeni kila wiki na msikate mifuko mingi mapema. Ngozi ikiwa nyekundu na inawasha, mara nyingi tundu la mfuko limekatwa kubwa na haja inaigusa ngozi.

Ondokeni hospitali na akiba ya kutosha, na muwe mmeshajua duka la kuagizia, kwa sababu si kila duka la dawa lina mifuko hii. Ihifadhiwe mahali pa baridi. Joto la bati la mchana linaharibu gundi.

Kula

Wiki 4 hadi 6 za mwanzo utumbo unataka vitu laini: uji wa mchele, wali uliochemshwa ukalainika, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, mayai, mgebuka uliotolewa miiba. Maharage yachujwe maganda. Mahindi ya kuchoma, karanga, maembe yenye nyuzi na majani magumu visubiri, kisha virudi kimoja kimoja ili mjue kipi kinamsumbua. Mawese kidogo hayana neno, yakizidi yanamharisha. Maji anywe, na mkojo uwe wa rangi hafifu.

Kurudi na kukaa

Kwa basi njia ni Geita, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena foleni ya kivuko, lakini bado ni mwendo mrefu. Msiondoke siku ile ile ya kuruhusiwa kama kuna ndugu Mwanza wa kuwahifadhi. Mzee akae viti vya mbele, kamwe si vya nyuma juu ya tairi, mto kati ya tumbo na mkanda. Dereva aombwe mapema kusimama ili anyooshe miguu, na njiani azungushe vifundo vya miguu. Mfuko umwagwe kabla ya kupanda, na begi lenye mifuko ya akiba, maji na nguo lipakatwe, lisiwekwe kwenye buti.

Wageni watakuja wote siku moja. Tuliweka viti barazani, shangazi akakabidhiwa kuwapokea (alifurahi, na lile la kurogwa likaisha), mzee akatoka mwenyewe kusalimia anapojisikia. Mwenye mafua alisalimia akiwa njiani.

Nunueni kipimajoto. Apelekwe hospitali ya Maweni hapa Kigoma au kituo cha karibu siku hiyo hiyo, na barua ya kuruhusiwa mkononi, akipata joto la 38 au zaidi, kidonda kikitoa usaha au kikiachia, maumivu ya tumbo yakiongezeka badala ya kupungua, akitapika huku tumbo limejaa na mfuko mtupu, mguu mmoja ukivimba na kuuma, akikosa mkojo, au akianza tena kuchanganyikiwa. Tundu likigeuka jeusi au la zambarau, au pumzi ikikatika ghafla, hakuna kusubiri asubuhi.

Na kabla ya kuaga wodi ulizeni majibu ya nyama iliyotolewa yatatoka lini, nani atayachukua, na siku ya kliniki ni ipi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama kuna dawa za mishipani zitakazofuata, na yanaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya ninyi kurudi Ujiji. Sisi tulimwachia binamu aishiye Mwanza nakala ya kadi na namba ya faili, yeye ndiye aliyekuwa akienda dirishani kuuliza.